Tulidhani Tunaijua Baridi

Watu wengi wakisikia kwamba fulani amekwenda kuishi Marekani, huwaza magorofa marefu, maduka yaliyojaa vitu, na watoto wanaorudi wakizungumza Kiingereza cha puani. Ni wachache wanaouliza, "Je, siku za baridi mlikuwa mnakaaje?" Sisi tunaoandika habari hizi tulikuwa wake watatu wa wanafunzi kutoka Tanzania. Waume zetu walikwenda kusoma, nasi tukafuatana nao pamoja na watoto. Tulifika mwezi wa Agosti 2018 katika mji wa Saint Paul, jimbo la Minnesota, ambalo kwa upande wa kaskazini linapakana na Kanada. Mmoja wetu ni mwenyeji wa Makete, wa pili ni wa Bukoba, na wa tatu amezaliwa na kukulia Tanga. Tulikaa katika jengo moja la ghorofa tatu, na haukupita muda tukawa kama ndugu wa tumbo moja.

Yaliyotupata usiku mmoja wa Januari hatukuyaandika nyumbani kwa muda mrefu. Tuliona aibu. Sasa mwenzetu ambaye jambo lenyewe lilitokea kwake ametupa ruhusa. Alisema, "Andikeni yote, hata yale ya kuchekesha watu."

Tulipofika kulikuwa na joto. Watoto walicheza nje hadi saa mbili usiku jua likiwa bado halijazama vizuri, nasi tukanunua jiko dogo la chuma na mfuko wa mkaa, tukawa tunachoma mahindi na nyama uani siku za Jumamosi. Wenyeji walipita wakitutazama, wakisema, "Furahini sasa, ngojeni Januari." Kila mtu alitutajia Januari, kama vile watu wa kwetu wanavyomtajia mtoto mtukutu siku atakayorudi baba yake.

Mwenzetu wa Makete alikuwa akicheka. Mnajua, Makete ni nchi ya milima, na kule juu Kitulo, miezi ya Juni na Julai, majani huamka asubuhi yakiwa meupe kwa sakitu. Mtoto wa Makete huvaa sweta kabla hajajua kutembea. Akatuambia sisi wawili, "Nyie watu wa ziwa na watu wa pwani ndio mtakaopata tabu. Mimi baridi nimezaliwa nayo." Tukamwamini. Tena tukamfanya mwalimu wetu, na kila jambo la baridi tukamwuliza yeye.

Theluji ya kwanza ilianguka katikati ya Oktoba. Ilikuwa kidogo tu, kama unga uliomwagika. Watoto walitoka na sahani kuikusanya. Yule wa Tanga alisimama mlangoni akashika kidogo mkononi, ikayeyuka, akasema, "Kumbe ni maji tu!" Zaburi ya 147 inafananisha theluji na sufu. Tuliisoma tangu shule ya Jumapili bila kujua mtunzi alikuwa anatazama nini. Siku ile tuliona.

Lakini theluji siyo baridi. Hilo ni jambo la kwanza tulilojifunza. Siku inayoanguka theluji nyingi mara nyingi huwa na nafuu, kwa sababu mawingu hulifunika joto. Siku ya kuogopa ni ile ambayo mbingu ni bluu safi, jua linang'aa, na wewe ukiwa ndani unatamani kwenda kuanika nguo. Hiyo ndiyo inayoua. Ukitoka, manyoya ya ndani ya pua yanaganda kwa pumzi ya kwanza, na machozi yanashika kwenye kope.

Jambo la pili lilikuwa mavazi. Sisi tulidhani mtu akivaa koti zito imetosha. Wanawake wa kanisa tulilokuwa tukisali walitupeleka kwenye chumba chao cha nguo chini ya kanisa, ambako watu huleta makoti na viatu vilivyowabana watoto wao, wakatuvika wote kuanzia baba hadi mtoto wa mwisho, bila kutuuliza shilingi. Ila aliyetueleza siri ya kuvaa ni mama mmoja Msomali mwenye duka tulikokuwa tukinunua unga wa ugali. Wasomali ni wengi sana Minnesota kuliko jimbo jingine lolote la Marekani, na wengi wao walipitia Kenya, kwa hiyo Kiswahili wanakijua. Siku ya kwanza tuliposikia mtu anatuambia "Karibuni" kutoka nyuma ya magunia, tulitaka kulia. Mama huyu alimtazama mwenzetu wa Bukoba alivyomvika mtoto fulana tatu za pamba, akatikisa kichwa. "Pamba inakunywa jasho," alisema, "na jasho likipoa ni kama umemvika mtoto kitambaa cha maji. Mvalishe sufu ndani, na katikati kitu chepesi chenye hewa, na juu kitu kisichopitisha upepo. Na glavu za vidole vitano ni za urembo. Mnunulie zile za mfuko, vidole vikae pamoja vipashane joto."

Ikawa kumtoa mtoto mmoja nje ni kazi ya dakika ishirini. Nguo ndefu za ndani, soksi mbili, suruali, sweta, suruali ya theluji, buti, koti, skafu, kofia, glavu. Ukimaliza, anakuambia anataka kwenda chooni. Akina mama mnaotusoma, mnaweza kucheka, lakini sisi tulifika mahali tukawa hatutoki kabisa.

Na hapa ndipo penye uchungu wa majira yale, kuliko baridi yenyewe. Jumapili ya kwanza ya Novemba wenyeji hurudisha saa nyuma, na kufikia Desemba jua lilikuwa likizama saa kumi na nusu jioni, na kuchomoza karibu saa mbili asubuhi. Waume zetu waliondoka gizani na kurudi gizani. Viza zetu hazikuturuhusu kufanya kazi. Watoto wakubwa walikuwa shule, na mama alibaki na mdogo ndani ya vyumba viwili, madirisha yamefungwa kwa gundi ya plastiki, mabomba ya joto yakigonga ukutani. Hakuna anayepita kukopa chumvi wala sauti ya jirani akitwanga. Nyumbani, mtu akinyamaza kutwa, jioni atafuatwa aulizwe kama anaumwa. Kule unaweza kukaa siku nne na jirani wa mlango wa pili asijue kama u hai.

Yule wa Tanga ndiye aliyeumia zaidi. Desemba alianza kulala mchana, na kulia bila sababu akikoroga uji. Mumewe alidhani ni ugomvi wa nyumbani, wakaanza kuwa na maneno. Daktari wa watoto, alipokuwa akiwapima wanawe, ndiye aliyemwuliza yeye hali yake. Alimwambia kwamba kukosa mwanga huwapata hata wenyeji wengi kwa namna hiyo, na kwamba sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua zaidi ili mwili utengeneze vitamini D. Akaandikiwa matone, yeye na watoto, na akaambiwa atoke nje mchana kila siku hata kwa robo saa. Tangu siku hiyo tulifanya zamu. Saa sita mchana mmoja wetu aligonga milango ya wenzake, na wote tukatoka kuzunguka jengo mara tatu, tumevaa kama magunia, tukiimba ili midomo isigande. Ghorofa ya juu alikaa bibi mmoja mjane wa pale pale, mzee wa miaka zaidi ya themanini, ambaye alituangalia dirishani siku zote. Hatukumjua jina. Tulimpungia mkono, naye akapunga.

Sasa tuseme jambo ambalo sote watatu tulilifanya. Katika kila nyumba, karibu na vyumba vya kulala, palikuwa na kifaa kidogo cha duara juu ya dari. Sheria ya Minnesota inataka kila nyumba iwe nacho, kisiwe mbali na chumba cha kulala kuliko mita tatu hivi. Chetu kilikuwa cha kazi mbili: kupiga kelele kukiwa na moshi, na kupiga kelele kukiwa na hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Sisi tulijua ile kazi ya moshi tu. Kila tulipokaanga samaki au kuchoma chapati kilipiga yowe, watoto wakaamka, jirani akagonga ukuta. Basi tukapanda juu ya viti, tukatoa betri. Wote watatu. Yule wa Bukoba alizitia betri zake katika gari la kuchezea la mwanawe.

Wiki ya mwisho ya Januari 2019 hewa ya kutoka ncha ya kaskazini ya dunia ilishuka juu ya majimbo yale. Redio na televisheni zilitangaza tangu Jumapili. Shule zilifungwa. Hata watu wa posta, ambao husifiwa kwa kutojali mvua wala theluji, walitangaziwa wasipeleke barua siku ya Jumatano. Alfajiri ya Jumatano hiyo, tarehe 30, kipimajoto cha uwanja wa ndege kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na kwa jinsi upepo ulivyokuwa ukivuma, mwili uliusikia ubaridi kama wa nyuzi 48 chini ya sifuri. Upepo hauipunguzi hewa joto lake, bali unaupokonya mwili joto haraka zaidi, na katika hali ile ngozi iliyo wazi huweza kuganda ndani ya dakika tano hadi kumi. Tuliambiwa tuache bomba la maji litiririke kidogo kidogo usiku kucha ili maji yasigande yakapasua mabomba ukutani. Kwetu Tanzania, ambako mama huamka saa tisa usiku kupanga ndoo, kuacha maji yamwagike hivyo kulituuma kuliko baridi.

Jumanne usiku, tarehe 29, yapata saa tatu, mtambo wa joto wa jengo letu ulizimika.

Mwanzoni hatukujua. Mabomba yalinyamaza, na kwa kuwa tulizoea kugonga kwake, ukimya ule ndio uliotushtua. Fundi aliitwa, akasema yuko njiani, lakini usiku ule mitambo mingi mjini iliharibika, na fundi hakutokea. Saa nne tukaanza kuona pumzi zetu ndani ya nyumba. Sisi wawili, wa Bukoba na wa Tanga, ambao waume zetu walikuwepo, tulikusanya watoto wote katika chumba kimoja, tukaunganisha magodoro, tukawafunika kwa kila kilichokuwepo, mpaka zulia. Mume wa mwenzetu wa Makete alikuwa Chicago na safari zake zilikuwa zimefutwa kwa ajili ya baridi hiyo hiyo. Tukampigia simu: "Dada, lete watoto huku, tulale pamoja."

Akajibu, "Wameshalala, nisiwatoe. Msinihofie, mimi nimewasha jiko."

Lile jiko la mahindi. Alikuwa na nusu mfuko wa mkaa uliobaki tangu Septemba. Akatueleza alivyofanya: aliliwasha kwenye kibaraza cha nje, akangoja mkaa ushike wote, uwe mwekundu, moshi uishe kabisa, ndipo akaliingiza ndani, kama mama yake alivyomfundisha na kama nyumba nyingi za Makete, Njombe na Lushoto zinavyofanya mpaka leo. Akafunga mlango wa chumba, akaweka kitambaa chini yake, joto lisipotee.

Nasi tulimjibu nini? Tulimwambia, "Hongera, dada. Afadhali wewe." Tena tulimwonea wivu. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema neno. Tunaandika hivi kwa sababu baadaye watu walimlaumu yeye peke yake.

Yapata saa saba usiku tulisikia kishindo cha fimbo juu ya mlango, na sauti ya kizee ikipiga kelele. Alikuwa yule bibi wa ghorofa ya juu, amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Nyumba yake ilikuwa juu ya ile ya mwenzetu, na kile kifaa chake cha darini, ambacho yeye hakukitoa betri, kilikuwa kinalia. Alikwisha kuwaita Zimamoto. Hewa ile ilikuwa imepanda mpaka kwake kupitia mianya ya dari. Aligonga mlango wa mwenzetu, hakuna jibu. Akagonga kwetu.

Mume wa yule wa Bukoba aliuvunja mlango kwa bega. Ndani hapakuwa na moshi hata kidogo. Palikuwa na joto zuri, na mwanga mwekundu kutoka kwenye jiko. Mwenzetu alikuwa amejilaza ukingoni mwa kitanda. Tulimwita akafumbua macho, akasema kichwa kinamwuma, tumwache alale. Mtoto mdogo alikuwa ametapika kwenye shuka. Mkubwa, wa miaka saba, alikuwa mlegevu kama kitambaa, tukimtikisa haamki. Tuliwabeba hivyo walivyo mpaka ngazini, na pale ngazini ndipo yule mkubwa alipoanza kulia. Mwenzetu anasema sauti ile anaisikia hadi leo.

Zimamoto walifika, wakatutoa wote. Hapo lilizuka jambo la pili: unawatoaje watu zaidi ya thelathini nje katika ubaridi wa nyuzi 30 na zaidi chini ya sifuri? Lililetwa basi la abiria la mji, likasimama mbele ya jengo injini ikinguruma na joto likivuma ndani, tukapandishwa. Basi lile hatutalisahau. Watu ambao tulikutana nao ngazini miezi mitano bila kusalimiana walikuwa wamekaa na watoto wetu mapajani. Kijana mmoja alivua soksi zake akamvika mtoto wa yule wa Tanga. Bibi yetu alikaa kiti cha mbele na fimbo yake, akiuliza kila anayepanda, "Wale watoto wako wapi? Wanapumua?" Wakati huo walikwisha kupelekwa hospitali pamoja na mama yao, wamewekewa vifuniko vya oksijeni usoni.

Huko hospitali mwenzetu alielezwa, nasi tukaelezwa asubuhi yake. Mkaa ukiungua mahali penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina moshi. Moshi ule tunaoungoja uishe kabla ya kuingiza jiko ndani siyo wenye hatari kubwa. Mkaa mwekundu usio na moshi unaendelea kutoa hewa hii mpaka mwisho. Ikiingia katika damu hukalia kiti cha oksijeni, na haiondoki upesi. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, husinzia, na wengi hudhani ni mafua au, kwetu, malaria. Anayesinzia hawezi kujiokoa, maana kile kinachomwua ndicho kinachomwambia alale. Watoto hudhurika haraka kuliko wakubwa, na mama mjamzito huweza kupona mwenyewe na kumpoteza aliye tumboni.

Muuguzi aliyetueleza hakushangaa. Alisema kila majira ya baridi wanapata watu wa namna yetu, waliotoka nchi za joto. Baadaye tulisoma kwamba Desemba 2006, upepo mkali ulipokata umeme katika eneo la Seattle, watu wengi walipatwa na hewa hii, wakiwemo wahamiaji waliowasha mkaa ndani, Wasomali miongoni mwao, hata gazeti la mji likachapa onyo ukurasa wa mbele kwa lugha mbalimbali. Kwa hiyo hatukuwa wa kwanza.

Mwenzetu na wanawe waliruhusiwa siku ya pili. Kwa rehema za Mungu wote ni wazima, na yule mkubwa sasa yuko sekondari. Lakini ndani ya ile nyumba mambo hayakutulia upesi. Baba wa watoto aliporudi kutoka Chicago hakugomba. Alilichukua jiko akalitupa, akakaa kimya siku tatu. Mwenzetu anasema afadhali angegomba. Siku ya nne ndipo alipomwambia kwamba na yeye, kama angekuwepo, angeliwasha jiko vile vile, kwa kuwa kwao pia ndivyo walivyolala. Wakalia pamoja. Sisi tulikuwa jikoni kwao tunapika, tukajifanya hatusikii.

Wanawake wa kanisa walileta vyakula vya kuoka katika mabakuli, viazi na nyama na jibini juu yake, kila siku kwa wiki mbili, mpaka tukawa hatutaki kukiona tena kiazi. Hakuna aliyetusema vibaya mbele yetu. Mmoja alileta betri. Hakutoa hotuba yoyote. Alipanda juu ya kiti, akazitia, akabonyeza kitufe, kikalia, akashuka, akanywa chai. Yule mama Msomali alituomba tuandike onyo kwa Kiswahili, naye akaandika la Kisomali, akayabandika mlangoni mwa duka juu ya bei ya mchele.

Februari iliyofuata ilianguka theluji ya jumla ya karibu sentimita 99, nyingi kuliko Februari yoyote iliyowahi kuandikwa katika miji ile. Siku ambazo theluji ilikuwa nyingi, magari yote yalitakiwa kuondolewa barabarani usiku ili mitambo ipite, na asiyeondoa alikokotewa gari lake na kutozwa faini. Tulijifunza kulichimbua gari kwa koleo, na kumchimbulia bibi wa juu njia yake. Alikuwa na desturi ya kutoka kila asubuhi kwenda kuchukua gazeti, hatua ishirini tu, na hakutaka kusaidiwa kubeba. Tulikubaliana naye hivi: sisi tutachimba, yeye atatutazama na kusema tulipokosea. Alisema kila siku.

Kuhusu maziwa yaliyoganda, hatutakwenda mbali. Wenyeji wanatembea juu yake barafu ikifika unene wa sentimita 10, na kupitisha magari madogo ya mizigo ikizidi sana 30, wakajenga vibanda juu yake na kuvua samaki kwa tundu. Waume zetu walikwenda mara moja wakarudi na samaki wawili na masikio yanayowasha. Sisi tulikataa. Yule wa Bukoba, ambaye ziwa analijua, alisema ziwa halikuumbwa likanyagwe.

Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, na ajitahidi kufika majira ya baridi yasijaingia. Zamani tuliona ni salamu tu za mwisho wa barua. Mtu aliyewahi kulala katika nyumba iliyozimika joto anajua kwamba mzee yule alikuwa anaomba kitu kikubwa.

Tulirudi nyumbani 2021, kila mmoja kwao. Tunapigiana simu. Mwaka wa kwanza, mwezi wa Juni, mwenzetu alikwenda Makete kumtembelea mama mkwe wake. Usiku ule sakitu ilikuwa nzito. Mkwe, kwa upendo, aliwaandalia wajukuu chumba kizuri, na katikati ya chumba akaweka jiko, mkaa mwekundu bila moshi, kitambaa chini ya mlango.

Mwenzetu alipiga magoti akamwamkia tena, kama mtu anayeanza upya, kisha akamwambia, "Mama, nakuomba tulitoe."

Mkwe akasema, "Mwanangu, mumeo amelala na jiko hili miaka kumi na nane. Amekufa?"

Hakuwa na la kujibu, maana ni kweli mume hakufa. Akasema tu kwamba wajukuu wanaumwa kifua. Akalibeba jiko kwa vitambaa akalipeleka barazani. Mkwe akalirudisha. Akasubiri mkwe alale, akalitoa tena, akafungua dirisha kidogo, akapanda kitandani katikati ya watoto na blanketi tano. Yapata saa tisa usiku akasikia mlango wa chumba cha mkwe unafunguka, na nyayo zikielekea barazani. Akakaa akisikiliza zirudi na jiko. Nyayo zilisimama pale kwa muda, kisha likasikika bati likiwekwa juu ya jiko kuuzima moto, na nyayo zikarudi chumbani kwake.

Asubuhi, anasema, hakuna aliyelitaja. Mama mkwe alimwambia tu alete kuni waanze uji.